Sauti Yangu Ilifika Nyumbani Kabla Yangu

Mara ya mwisho nilipowasimulia, niliwaacha pale mkono wangu ulipobanwa na mashine ya kupigia pasi mashuka hotelini, nikafukuzwa kazi kabla kidonda hakijakauka, na yule mwanaume aliyekuwa anioe akaja kuutazama mkono, akanywa chai, akaaga. Mpaka leo yuko njiani anarudi.

Mlinipa pole nyingi. Ahsanteni. Bakizeni kidogo.

Siku zile nilidhani shida zimeshanichoka. Nilihamia kwa dada yangu, aliyenilea tangu mama yetu alipotutoka. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, mikono imejaa gundi. Sebule yao dada aliigeuza mahali pa kulelea watoto. Akina mama wa kiwandani waliwaleta asubuhi, wakawafuata jioni.

Mimi nikapata kazi ya mdomo.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki kubadilisha bandeji, mama mmoja akaniomba nimsomee habari kwenye simu yake, macho yake hayaoni karibu. Nikasoma. Nyuma yangu alikuwapo mwanaume mwembamba, chaja zimening'inia shingoni kama tai.

"Binti, sauti hiyo umeitoa wapi?"

"Nimezaliwa nayo."

"Inauza hiyo. Njoo kesho."

Ndiye huyo anayeitwa Mhariri. Zamani alikuwa akipiga picha za pasipoti. Sasa alikuwa na ukurasa mtandaoni, Macho ya Mtaa. Watu walimtumia picha za simu, ajali, wizi, ugomvi wa wapangaji, yeye anaweka maneno, anarusha. Redio tulikuwa nayo, lakini mtaani kwetu jambo lilikuwa halijatokea mpaka litokee Macho ya Mtaa. Moto unaweza kuwaka nyumba ya pili, mtu akafungua simu kwanza ahakikishe ndipo akimbie.

Studio yake ilikuwa chumba nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Mimi nilifunikwa blanketi kichwani na maiki, nasoma kwa mwanga wa simu, jasho linaniingia machoni. Mhariri aliniita Sauti. Jina langu hakuwahi kuliuliza.

Tatizo lilikuwa yule fundi. Akishaanza kusaga vyuma, huwezi kurekodi hata kikohozi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla fundi hajafungua, Mhariri alinipa nisome alichokiita akiba.

"Akiba ya nini?"

"Ya sentensi, Sauti. Habari haiwezi kusubiri huyu mtu amalize geti lake. Wewe zisome sasa hivi kukiwa kimya, mimi nitaziunga baadaye."

Nikasoma. Mama mmoja mkazi wa mtaa huu. Nanyamaza. Mwanaume mmoja. Nanyamaza. Watoto wadogo. Amebainika. Dawa ya usingizi. Wazazi wamebaki wakilia.

"Hii dawa ya usingizi ya nini?"

"Kuna tapeli anawalaza wateja gesti anawaibia. Soma, usiulize. Na mwishoni shusha sauti, kama unafunga mlango."

Nilikuwa najiona mtu, nisiwafiche. Mimi niliyeishia shule ya msingi nilikuwa nasikilizwa na waliosoma mpaka wakachoka. Dada ndiye aliyejivuna kuliko wote. Akina mama wakija kuchukua watoto anawashika mkono: "Subirini, subirini, sikilizeni. Huyu ni mdogo wangu." Anawawekea. Wanatikisa vichwa. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua sauti ile ni ya nani na inalala nyumba gani.

Kumbukeni hilo. Ndilo lililotumaliza.

Siku hiyo nilitoka studio mchana. Nikapita kwa muuza viatu vya mitumba, nikasikia sauti yangu kwenye simu yake. Nikatabasamu. Nikapita saluni, sauti yangu tena. Nikaweka shingo vizuri. Nilipofika kwa fundi cherehani ndipo niliposikia maneno.

"Mama mmoja mkazi wa mtaa huu. Amebainika. Watoto wadogo. Dawa ya usingizi. Wazazi wamebaki wakilia."

Nikamwomba fundi cherehani nione. Akanigeuzia simu huku ananitolea macho.

Picha ilikuwa ya watoto wamelala mkekani, wamejipanga kama viatu msikitini, midomo wazi. Mkeka naujua. Ule mguu wa mtu mzima pembeni wenye kandambili ya bluu, naujua pia. Ni mguu wa dada.

Hiyo picha aliipiga dada mwenyewe.

Ndivyo alivyofanya kazi yake. Kila mchana, watoto wakishalala, alipiga picha akaituma kwenye kundi la simu la akina mama, ili wakipumzika kazini waone watoto wao wametulia. Hakuna aliyemwagiza. Yeye alisema mama akiona mwanawe amelala, mkono wake hautakatwa na mashine. Akina mama walimjibu kwa maua na mioyo.

Sasa ile ile ilikuwa imeandikwa juu kwa herufi nyekundu: HIVI NDIVYO WANAVYOLAZWA.

Nikatimua mbio.

Mlangoni kwa dada palikuwa na vurugu. Akina mama wameingia na viatu hadi mkekani, kila mmoja anavuta wa kwake. Watoto wameamshwa kwa kunyakuliwa, wanalia, na kila anayelia mama yake anapiga kelele: "Oneni, ana maumivu!" Na mmoja aliyekuwa halii, mama yake akapiga kelele kuzidi: "Oneni, hata kulia hawezi!"

Katikati alikuwa Mama Pacha. Wanawe pacha, dada aliwarudisha nyumbani kwa sababu ya mapunye, akamwambia wapone kwanza ndipo awalete, wasiambukize wenzao. Mama Pacha hakusahau.

"Mama Pacha," dada alikuwa anamwuliza, "ni wewe uliyewatumia hawa watu picha yangu?"

"Nimetuma, ndiyo. Nimeuliza tu, mbona wamelala hivi? Kuuliza ni kosa?"

"Ungeniuliza mimi!"

"Wewe ungenijibu nini? Mwenye habari ni wao. Na wao wamejibu. Tena kwa mdomo wa mdogo wako!"

Wote wakageuka wakaniona.

Mama mmoja akanishika begani kwa upole. "Umefanya vizuri, binti. Si rahisi."

Dada akanitazama. Nimemwona dada yangu akilia, nimemwona akicheka, nimemwona siku ya kumzika mama. Yale macho sikuwa nimeyaona.

Akina mama walipotoka na watoto wao, wakabaki barabarani, hawaendi. Ndani tukabaki dada, shemeji, mimi, na mtoto mmoja mkekani. Huyo tulimwita Bonge, kwa mashavu yake. Mama yake alikuwa zamu nyingine kiwandani, na kule simu huachwa getini mpaka mapumziko, na ya zamu yake yalikuwa bado. Hakuwa anajua lolote.

Dada akaniwekea simu mbele ya uso.

"Hii si sauti yako?"

"Ni yangu."

"Umesema maneno haya?"

"Sijasema."

"Sauti ni yako, hujasema. Sasa imesema nani, paka?"

Nikamweleza. Akiba, fundi wa vyuma, sentensi za asubuhi, za kuungwa. Nikajisikia mwenyewe nikieleza, nikaona hata mimi nisingejiamini.

"Nimekulea kwa haya?" dada akasema. "Kama umechoka kukaa kwangu si ungeaga tu ukaondoka? Ukaona lazima unitoe roho kwanza?"

"Mke wangu, mwache amalize," shemeji akasema. Alikuwa ameegemea mlango kwa mgongo, anauzuia. "Huyu binti hawezi kusema hivyo. Mtu amezikata sauti zake akazishona. Mimi nakata mabomba kila siku, najua kitu kilichoungwa. Sikiliza, kila neno linaanza upya, kama mtu anapigwa ngumi."

Yeye peke yake aliniamini. Nataka mlijue hilo kabla hamjasoma yaliyobaki.

Mimi nikafanya kosa la kuuliza. Nilikuwa nimezoea kuangalia zaidi kuliko kusema, na siku hiyo nikasema.

"Dada, hujawapa kitu chochote lakini?"

Akaishusha simu.

"Hata wewe?" akasema. Kisha akainama akamfunika Bonge shuka. Hakusema hapana. Wala hakusema ndiyo. Nikaliona hilo, nikalimeza.

"Nenda kwa huyo mtu wako," akaniambia bila kunitazama. "Mwambie aifute. Sauti iliyonichafua ndiyo itakayonisafisha. Usirudi hapa bila hiyo."

Shemeji akanitoa kwa njia ya uani.

Mhariri nilimkuta amejinyoosha kitini, miguu juu ya meza, anasoma maoni kwa sauti kama mtu anayesoma salamu za harusi.

"Sikiliza hii, Sauti. 'Naye anyweshwe chupa nzima.' Sikiliza hii, 'Nipeni nyumba yake ilipo, mimi nina kiberiti.' Watu wana hisia! Hatujawahi kufika hapa tangu tuanze!"

"Ifute."

"Nini?"

"Ifute. Hakuna dawa. Umeokota maneno yangu ukayapanga. Hukuuliza mtu, hukufika."

"Mimi sijasema kitu. Mwananchi katuma picha, mwananchi kauliza. Mimi ni macho tu, macho hayaulizi. Halafu nikifuta watasema nimehongwa."

"Ni dada yangu!"

Miguu ikashuka mezani.

"Dada yako? Dada wa kuitana au wa damu?"

"Tumbo moja."

Mhariri akasimama. Uso wake ukalainika, akanivutia kiti, kitu ambacho hakuwa amekifanya hata siku moja. Laiti ningekuwa na akili ya kuogopa upole ule.

"Kwa nini hukusema mapema? Pole sana, Sauti. Kaa. Tutairekebisha sasa hivi. Haki ya kujibu kila mtu anayo. Useme mwenyewe, kwa maneno yako, mimi nitairusha."

"Fundi anasaga vyuma."

Akatoka nje. Nikamsikia akisema, "Kaka, zima kidogo." Mashine ikazimwa. Fundi hakuuliza hata kwa nini.

Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote.

Nikajifunika blanketi. Nikasema hivi, nayakumbuka maneno yangu yote:

"Mimi ni mdogo wake wa damu. Ndiye aliyenilea, na naishi naye nyumba moja. Watu wanasema dada yangu anawapa watoto dawa ya usingizi. Huo ni uongo. Naona kila kinachofanyika pale kwa macho yangu. Angekuwa anafanya hivyo, mimi ningekuwa wa kwanza kusema. Waombeni radhi watoto anaowalea, muombeni radhi yeye."

Nilipotoka kwenye blanketi, Mhariri alikuwa anafuta macho.

"Umenigusa," akasema. "Nenda nyumbani. Ukifika itakuwa imefika."

Hapo hakunidanganya.

Njiani watu walinipisha. Nikajua imeshafika, nikajipa moyo. Muuza viatu akanyanyua mkono kama anasalimia jeneza. Nikadhani ni heshima ya mtu aliyesafishwa jina.

Barabara ya kwetu ilikuwa imejaa. Si akina mama tu sasa, hata wanaume wasio na mtoto, hata watu nisiowahi kuwaona. Wenye simu wamezinyanyua juu. Mzee mmoja akavua kofia.

"Binti, una roho ya chuma. Kumtaja ndugu yako mwenyewe, tena hadharani!"

"Nimemtaja nani?"

Akaniwekea.

"Mimi ni mdogo wake wa damu. Naishi naye nyumba moja. Naona kila kinachofanyika pale kwa macho yangu. Dada yangu anawapa watoto dawa ya usingizi."

Na hapo sauti ikashuka, kama mtu anafunga mlango.

Asubuhi Mhariri hakuwa na neno dada yangu. Hakuwa na naishi naye, hakuwa na macho yangu. Yote hayo nilimpelekea mimi, kwa miguu yangu, nikamsomea huku fundi amezima mashine.

"Bado kuna mtoto humo ndani!" mtu akapaza sauti. "Bonge hajatoka!"

"Mama yake hayupo! Wamemfungia!"

"Nimesikia keshakufa, wanangoja giza liingie!"

"Nani kasema?"

"Iko kwenye maoni!"

Likawa limethibitishwa.

Bwana mmoja mwenye nondo akasogea mlangoni, akaupiga. Mbao ikalia. Mlango ule ni shemeji aliyeutengeneza, ni mgumu, lakini ni mbao. Mwingine nyuma akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa, nani ana mafuta ya taa.

Nikapita kwa viwiko mpaka mbele. Nikaupa mlango mgongo.

"Jamani sikilizeni! Ile sauti imekatwa! Dada yangu hana kosa! Mimi sikusema vile!"

"Ulisema, tumekusikia."

"Ilikatwa!"

"Amekwisha kutishwa huyo," Mama Pacha akasema kwa huruma. "Masikini. Mtoeni hapo asiumie."

Wakanishika mikono. Ule ulioungua pia. Nikaona wazi kwamba nikilia mimi kama mimi hakuna atakayenisikia. Walikuwa wanamsikia mtu mmoja tu, yule wa chini ya blanketi.

Basi nikamtoa.

Nikavuta pumzi. Nikasema taratibu, kwa sauti ya kazini, kila neno likisimama peke yake.

"Mtoto hayumo ndani ya nyumba hii."

Nondo ikashuka.

"Yuko studio ya Macho ya Mtaa. Mwenye ukurasa amemchukua ili amrekodi. Dawa ya usingizi ni yeye aliyeinunua. Mtoto amefichwa kule mpaka sasa."

Na mwishoni nikashusha.

Sikutetemeka. Niseme yote? Niliona raha. Nilimwona Mhariri na chaja zake shingoni, nikaona ile nondo, nikaona inamfaa. Wala hakuna aliyeniuliza nimejuaje, kama ambavyo hakuna aliyeuliza mchana. Mtaa mzima uligeuka kwa pamoja, wakaondoka mbio, wenye simu wakitangulia ili wapate picha nzuri.

Barabara ikabaki na kandambili zilizokatika.

Nikagonga mlango.

"Dada, ni mimi. Wameondoka. Fungua."

Akachelewa. Kisha komeo likatoka. Dada alikuwa peke yake, kashika simu mbili, yake, aliyoizima kwa sababu ya matusi yaliyokuwa yanaingia, na ya shemeji.

"Nimekusikia mara mbili leo," akasema. "Sina nafasi ya kukuchukia sasa hivi. Ingia."

Sebule ilikuwa tupu. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Bonge yuko wapi?"

"Nimemtoa. Wangevunja, wangetukuta naye, wangesema lolote. Shemeji yako amempitisha uani, wakaruka ukuta wa choo."

"Kampeleka kwa mama yake?"

"Kiwandani nani angemfungulia? Hapana. Huyo mtu wako si ndiye wanayemwamini? Nimemwambia mume wangu ampeleke pale studio. Amwonyeshe mtoto mzima. Akionekana mzima kwenye Macho ya Mtaa, anacheka, watu watarudi makwao."

Nikashika mdomo.

"Mbona umeshika mdomo?" dada akauliza. "Nimekosea?"

"Alikuwa macho? Bonge, alipoondoka, alikuwa macho?"

"Alikuwa amelala begani. Nikamwambia mume wangu, ukifika kule mwamshe."

Nikamnyang'anya simu nimpigie shemeji. Nikaitazama mkononi mwangu. Ilikuwa ni hiyo hiyo ya kwake.

Sijui nilikimbiaje. Najua nilipoteza kiatu na sikurudi kukiokota. Kwa mbali nilisikia kelele, na kelele za watu wengi zina namna yake, ukizisikia unajua kama wanatafuta au wamepata.

Walikuwa wamepata.

Nilipokata kona ya karakana, mtu wa kwanza kunikumbatia alikuwa Mama Pacha. Analia machozi ya kweli.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie! Ulichosema ni kweli tupu! Tumemkuta!"

"Mmemkuta nani?"

"Bonge! Na jamaa aliyembeba, anabisha hodi studio ili amkabidhi! Tusingekuja sisi sasa hivi, angekuwa keshaingia ndani!"

Shemeji alikuwa ameketi chini, ameegemezwa kwenye geti jipya la fundi, lile lisilopakwa rangi. Shati limechanika mpaka kiunoni. Mdomo unavuja damu, na aliufuta kwa ile mikono yake yenye gundi, taratibu, kama mtu asiyetaka kuchafua mahali pa watu. Bwana wa nondo alikuwa juu yake.

Na Mhariri, ambaye kwake ndiko nilikowatuma? Alikuwa amesimama juu ya stuli, mzima, hata kola haijapinda, simu juu, anarusha moja kwa moja.

"Msimuue, ndugu zangu," alikuwa anasema. "Mkimuua tutamhoji nani?"

Shemeji akaniona. Uso wake ukafunguka. Mtu aliyezama akishikwa mkono ndivyo anavyokuwa.

"Huyo hapo!" akasema, damu ikimtoka na maneno. "Huyo ni shemeji yangu. Mnamwamini huyo, si ndiyo? Muulizeni yeye. Shemeji, waambie!"

Wote wakageuka.

Nikawaambia. Safari hii sikuwa na sauti ya kazini wala ya nyumbani, nilikuwa na iliyobaki.

"Nilidanganya. Mtoto hakuwa huku, nilisema ili mtoke mlangoni kwa dada. Huyu ni mume wake. Amemleta mtoto mumwone kuwa ni mzima. Mimi ndiye mwongo. Nipigeni mimi."

"Hukudanganya, mama," mzee wa kofia akanituliza. "Si tumemkuta palepale uliposema?"

"Nilibahatisha!"

Bwana wa nondo alikuwa ananitazama. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na nilimwona akifikiri.

"Ngojeni," akasema. "Huyu ni shemeji yake. Yule mama ni dada yake. Wanakaa nyumba moja, kasema mwenyewe. Na alijua mtoto kapelekwa wapi kabla yetu sote."

Akahamishia nondo mkono wa pili.

"Alijuaje?"

Mkono wa Mama Pacha ukatoka begani mwangu, kidole kwa kidole.

"Walikuwa wanamhamisha," mtu akasema nyuma.

"Wote watatu!"

Mhariri akageuza simu, akanielekezea mimi. Alitabasamu kama siku ile kliniki.

"Sauti, karibu. Uko hewani. Eleza umma."

Nikamtafuta shemeji kwa macho, nimwambie anisamehe hata kwa kope. Lakini shemeji hakuwa ananitazama mimi tena, wala hakuwa anaitazama nondo.

Alikuwa anamtazama Bonge, aliyebebwa na mama mmoja pembeni. Kelele zote zile, vishindo vyote vile, simu zote zile usoni, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala vilevile begani. Yule mama akampapasa shavu. Akampapasa tena, kwa nguvu zaidi. Bonge hakufumbua macho.